Alasiri ya Mdahalo Ukunda

Ukishuka feri Likoni na kupanda matatu ya Ukunda, barabara inakupitisha Ng'ombeni, Waa na Tiwi kati ya minazi na mikorosho. Ukunda watalii hukata kushoto kuelekea hoteli za Diani. Mimi niliteremka stendi, nikaulizia njia ya shule moja ya upili ya umma. Ilikuwa Ijumaa, sala imekwisha, na shuleni hapo alasiri ya Ijumaa ni ya mdahalo.

Madawati ya bwaloni yalipangwa pande mbili zikitazamana. Kwenye kiti cha spika alikaa msichana wa kidato cha tatu mwenye mtandio mweupe. Kando yake, katibu na mtunza wakati aliyeshika kengele. Hoja ilikuwa ubaoni: uchimbaji wa titani umeinufaisha Kwale zaidi ya kuidhuru.

Hakuna aliyejichagulia upande. Mwalimu wa Kiswahili anayekilea chama hiki huwaokotesha vikaratasi, na kila mmoja hutetea alichookota. Kijana ambaye babake aliajiriwa mgodini hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024 aliangukia upinzani.

"Mheshimiwa Spika," alianza, "Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 ni ya serikali ya kitaifa, 20 ya kaunti, 10 ya jamii ya palipochimbwa. Nawauliza watetezi, hiyo kumi imefika kwa nani?"

Madawati yakagongwa. Msichana wa upande wa pili akasimama. "Hoja ya nidhamu, Mheshimiwa Spika! Mzungumzaji anatuuliza badala ya kuthibitisha."

"Thibitisha au uondoe kauli," spika akaamua.

Kijana aliiondoa, akarudi na hoja ya mashamba ya watu waliohamishwa Nguluku na Maumba. Watetezi wakajibu kwa ajira na ufadhili wa masomo. Kura zilipohesabiwa, upinzani ulishinda kwa chache.

"Baba atasemaje?" nilimuuliza kijana.

"Nitamsomea sheria," alijibu.

Mwalimu wake alikuwa akifuta ubao. "Maneno wanayo, ndugu mwandishi. Watoto wa Pwani hawafundishwi kusema. Ninachowafundisha ni kuleta ushahidi, na kumwacha mwenzao amalize."

Kazi hiyo ina mfano wake mbali. Mwaka 1985, Melissa Wade wa Chuo Kikuu cha Emory aliupeleka mdahalo katika shule za umma za jiji la Atlanta, Marekani, wakati mchezo huo ulipokuwa zaidi wa shule za wenye nacho. Baadaye miji mingine, Chicago ikiwemo, ilianzisha ligi zake. Hapa Udigoni, nchi ya Wadigo, kujadiliana si jambo geni: wazee wa kaya wamekuwa wakiketi kuamua mambo ya watu tangu zamani, na msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo hauko mbali na bwalo hili. Geni ni kwamba anayetoa uamuzi sasa ni msichana wa sare.

Naye atahitajika. Katiba ya 2010 imeamuru umma ushirikishwe, na bajeti na miswada ya kaunti hupelekwa kwa wananchi vikaoni. Mtu asiyezoea kusimama mbele ya watu na takwimu mkononi huenda kwenye vikao hivyo, akasikiliza, akarudi nyumbani.

Chama hiki hakina basi. Wakialikwa Msambweni, hupanda matatu, na nauli mara nyingi hutoka mfukoni mwa mwalimu. Kaunti ya Kwale imejijengea jina kwa ufadhili wa masomo wa Elimu ni Sasa, na karo iliyolipwa imewaweka wengi darasani. Sasa itenge fungu dogo la usafiri, ianzishe ligi ya shule za umma za Msambweni, Matuga, Kinango na Lunga Lunga, na fainali ifanyike katika ukumbi wa bunge la kaunti, mbele ya wawakilishi wadi wenyewe. Waheshimiwa hao watapata la kujifunza.