Neno la Kwao Katika Gari la Fahari

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili akionekana akisoma historia ya magari, aghalabu wenzake humwuliza amepotelea wapi. Swali hilo nimelizoea. Kilichonivuta kwenye kiwanda cha Lamborghini cha Italia si kasi ya magari yake, bali ni majina yake.

Ferruccio Lamborghini alizaliwa mwaka wa 1916 katika familia ya wakulima kijijini Renazzo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alitumia mabaki ya magari ya kijeshi kuundia matrekta, akatajirika. Mwaka wa 1963 alianzisha kiwanda cha magari ya kasi huko Sant'Agata Bolognese. Kwa kuwa buruji yake ilikuwa ya Ng'ombe, alichagua fahali awe nembo. Gari la Miura la mwaka wa 1966 lilipewa jina la ukoo wa Kihispania uliosifika kwa kufuga fahali wakali wa michezo ya uwanjani.

Mwaka wa 1971 lilionyeshwa Geneva gari lisilokuwa na jina la fahali. Msanifu wake, Marcello Gandini, alieleza kuwa fundi mmoja kati yao alizungumza Kipiedmonte, lugha ya kaskazini magharibi mwa Italia, na kila alipostaajabu alitamka neno ambalo kiwanda kililiandika Countach. Asili ya neno hilo ni maradhi ya kuambukiza, lakini vinywani mwa wenyeji limekuwa kihisishi cha mshangao, mithili ya "lahaula!" yetu. Halikutafsiriwa kwa Kiitaliano sanifu wala kwa Kiingereza. Ulimwengu ndio uliojifunza kulitamka.

Kiwanda chenyewe kiliyumba. Ferruccio aliuza hisa zake mwaka wa 1972 na 1974, na mwaka wa 1978 kikafilisika. Baadaye kilimilikiwa na Wamarekani wa Chrysler kuanzia 1987, kampuni ya Indonesia kuanzia 1994, na Wajerumani wa Audi kuanzia 1998. Hata hivyo, Gallardo la mwaka wa 2003 na Aventador la 2011, yote ya enzi ya Wajerumani, yalibeba majina ya fahali. Mwaka wa 2021 jina Countach lilifufuliwa kwa magari 112 tu. Jina jema hung'ara gizani.

Sisi tunaosomea Kiswahili huambiwa kwamba lugha yetu ni ya mashairi, na kwamba mitambo ina lugha yake. Jamaa zangu huniuliza shahada ya uzamili ya Kiswahili itanilisha vipi. Kuhusu mshahara sina la kuwajibu. Lakini najua kwamba kihisishi cha fundi kilipata nafasi katika chuma kwa sababu waliokisikia hawakukionea haya. Mdharau kwao ni mtumwa. Wahandisi wetu watakapounda chombo chao, natumai watapita kwanza katika idara zetu kutafuta jina, nasi tuwe nalo tayari.