Safari ya Msitu wa Amani Pamoja na Mpiga Picha na Mbwa Wake

Wengi wenu mmepita Muheza katika safari zenu za Tanga, mkaiona milima ya Usambara kwa mbali, imefunikwa na ukungu, wala hamkuuliza habari zake. Mimi nami nilikuwa hivyo miaka mingi, ingawa nyumba yangu i chini ya milima hiyo. Leo nataka kuwaandikia habari za safari yangu ya msitu wa Amani, niliyokwenda pamoja na mzee mmoja mpiga picha, na habari za kosa nililolitenda huko.

Asili ya safari ni hii. Shuleni kwetu niliwauliza watoto wanitajie wanyama wa nchi yetu. Wakataja simba, tembo, twiga, nyati. Nikawauliza, "Na sange je?" Wakanyamaza, asijue hata mmoja. Nikaona haya, maana mimi mwenyewe sikupata kumwona sange ila mkononi mwa wawindaji, naye amekwisha kufa. Basi nikamwendea yule mzee, nikamwomba anipigie picha ya sange aliye hai, nipate kuitundika darasani. Akacheka, akasema, "Mwalimu, ungalitaka harusi ningalikupigia kesho. Huyu sange atatutaka subira."

Mzee huyu ana chumba kidogo karibu na soko, na kazi yake ni picha za vyeti, za arusi, za ubatizo na za maziko. Zamani alikuwa na chumba cha giza chenye taa nyekundu, akisafisha filamu mwenyewe usiku kucha. Siku hizi kamera yake haina filamu, na watu wengi hujipiga picha kwa simu zao, kazi imepungua. Lakini desturi yake ya asubuhi haikubadilika. Huamka kabla ya jua, huwapikia mbwa wake wawili ugali na dagaa, kisha huenda nao kwa miguu hata mashambani, kamera begani. Jike jina lake Tabu, dume jina lake Subira. Majirani wengi ni Waislamu, naye huwaheshimu: akifika karibu na milango yao huwafunga mbwa kamba fupi, akapita nao upande wa pili wa njia. Kwa hiyo hapana ugomvi mtaani kwake.

Siku ya safari tulipanda gari kwenda Kisiwani, mbwa wamelala miguuni petu. Njia hupita kwenye mashamba ya michungwa na minazi, kisha huanza kupanda kandokando ya mto Sigi. Maji ya mto huu ndiyo wanywayo watu wa mji wa Tanga. Nami nilikuwa nimeyanywa mara nyingi pasipo kufikiri yatokako. Penye lango la msitu iko nyumba ya zamani waliyoijenga Wajerumani, iliyokuwa stesheni ya reli ndogo ya kuchukulia magogo. Juu zaidi, pale Amani penyewe, walianzisha mwaka 1902 kituo cha kuchunguza mimea, wakapanda miti iliyoletwa kutoka pande nyingi za dunia. Mingi ipo hata leo. Mwaka 1997 serikali iliufanya msitu kuwa hifadhi.

Tulifikia kwa bibi mmoja ambaye nyumba yake i karibu na msitu, naye amezoeana na mzee tangu zamani. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, wanangu. Na mbwa wamekuja?" Maana mbwa hukaa kwake kila mzee aingiapo msituni.

Jioni tulikaa barazani, nikamwuliza mzee kwa nini mbwa wazuri kama hawa hawaendi naye. Akasema, "Kwa sababu tatu. Ya kwanza, mnyama akisikia harufu ya mbwa hukimbia, na picha imekwisha. Ya pili, huku wawindaji huwinda kwa mbwa. Mtu akionekana na mbwa ndani ya msitu, nani atamwamini kwamba alifuata picha? Ya tatu ni maradhi. Mwaka 1994 huko Serengeti walikufa simba yapata 1,000, yaani theluthi moja ya simba wote wa pale, kwa ugonjwa wa mbwa. Mbwa wa vijijini walikuwa nao. Simba hawakuwa na dawa."

Akanisimulia pia habari za Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyepiga picha za wanyama usiku katika nchi za Kilimanjaro zaidi ya miaka mia iliyopita, akatoa kitabu chake mwaka 1905. Alitumia unga uwakao ghafula kama umeme, naye aliwafunga ng'ombe na punda mahali, ili simba waje. Mzee akasema, "Picha zake zilishangaza ulimwengu. Lakini mimi namwonea huruma yule punda. Napenda picha ambayo hakuna aliyelipa kwa ajili yake ila mimi mwenyewe, kwa kungoja."

Alfajiri tuliwafunga mbwa kwenye mpera nyuma ya nyumba. Mzee alimfunga Tabu, akaniambia nimfunge Subira. Yule mbwa akanitazama, akalia kwa sauti nyembamba kama mtoto. Nikamhurumia, nikaona fundo linamkaba, nikalilegeza kidogo. Sikumwambia mzee.

Tukaingia. Ndugu zangu, mtu wa kwetu bondeni hudhani msitu ni giza na nyoka tu. Sivyo. Miti ni mirefu, na shina moja hulihitaji kundi la watu washikane mikono kulizunguka. Juu tuliwaona mbega, weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani, wakiruka tawi kwa tawi. Hondohondo wakapita, mabawa yao yakivuma hata tukayasikia kabla ya kuwaona. Penye mawe yenye unyevu mzee alinionyesha ua dogo la zambarau. Mwaka 1892 afisa Mjerumani jina lake Walter von Saint Paul-Illaire aliliona katika milima hii, akapeleka kwao. Sasa vizazi vyake humea vyunguni madirishani Ulaya na Marekani, na wenye nyumba hizo huenda hawajui kwamba asili yake ni Usambara.

Hata tulipofika mahali penye majani makavu mengi, mzee akanionyesha kichuguu cha majani, kipana kama ungo mdogo. Akaninong'oneza, "Nyumba ya sange. Hulala humo usiku, hutoka kukipambazuka." Akaiweka kamera juu ya miguu yake mitatu, tukakaa chini kimya. Mbu walituuma. Mguu wangu ukafa ganzi. Mzee hakutikisika hata kope.

Hatimaye majani yakatikisika, akatoka. Ni mnyama mdogo kuliko sungura, kiuno cheusi, uso na mabega rangi ya kutu, miguu myembamba, na pua ndefu inayogeuka huku na huku kama mkonga, akifukua majani na kutafuta wadudu. Naye, wasema wataalamu, kwa asili yu karibu na tembo kuliko panya. Nikajisahau kabisa kwa furaha. Mzee akapeleka kidole polepole kwenye kamera.

Papo hapo nikasikia mbio nyuma yetu. Subira alipita kati yetu kama mshale, kamba ikimburura shingoni. Sange alipiga mkia majanini, akaruka mara mbili. Ya tatu hakuiruka. Mbwa akamrudisha, akamweka mbele ya miguu ya bwana wake, akatikisa mkia, maana alidhani ametenda vema.

Mzee hakumpiga mbwa. Aliitazama kamba, akaliona fundo, akanitazama mimi. Nikasema, "Mzee, ni mimi niliyelilegeza." Akaitikia kwa kichwa tu.

Nami, kwa kutaka safari isipotee bure, nikaongeza kosa juu ya kosa. Nikasema, "Mwili ungali mzima, hauna damu. Tumkalishe penye majani, umpige picha, watoto hawatajua." Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, uliniomba sange aliye hai. Nikimpiga huyu, picha itasema yu hai. Nani atakayewaambia watoto kweli, picha au wewe?" Sikuwa na jibu.

Tulimrudisha mbwa, tukaenda langoni, nikawaeleza walinzi yote yaliyotokea pasipo kuficha. Wakanionya kwa maneno makali, nami nilistahili. Kabla ya kuondoka mzee aliomba ruhusa kurudi pale peke yake, akapiga picha moja, ya ile nyumba ya majani.

Picha hiyo sasa imetundikwa darasani kwetu. Kila mwaka watoto wapya huitazama, huuliza, "Mwalimu, mwenye nyumba yuko wapi?" Nami kila mwaka huwaambia habari za fundo. Mara ya kwanza ilinitia haya sana. Siku hizi watoto wengi wamjua sange, na wawili walikuja kuniambia kwamba waliwazuia kaka zao wasiwapeleke mbwa msituni. Mzee angali anakwenda Amani. Picha ya sange hai bado hajaipata, wala hajachoka.

Basi, ninyi wenye mbwa nyumbani, nawaomba mambo machache. Mfungeni mbwa wenu kwa fundo lililo imara, hasa mkaapo karibu na msitu. Mpelekeni achanjwe kinga ya kichaa cha mbwa, wala msikawie siku za chanjo zitangazwapo. Na mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje kuona dalili. Maana dalili zikitokea, ni nadra sana mtu kupona.

Wasalaam. Ni mimi mwalimu wenu, wa chini ya milima.