Safari Yangu ya Iringa

Wanafunzi wengi wa shule yetu wapatapo likizo fupi hukimbilia mjini Mbeya, wakazunguka Mwanjelwa, wakanunua soksi na maandazi, kisha wakarudi bwenini wakisema wametembea. Mimi muhula huu nilibahatika kwenda mbali zaidi. Mwenzangu mmoja, ambaye vitanda vyetu vimekaa jirani tangu Kidato cha Kwanza, ni Mhehe, na bibi yake anakaa Kihesa katika Manispaa ya Iringa. Alinialika nikauone mji wao kwa siku tatu, yaani Ijumaa hata Jumapili. Baba alipoombwa ruhusa kwa simu alicheka kwanza. "Msangu anakwenda kulala kwa Mkwawa?" akasema. "Haya, nenda, lakini uwe na adabu, na kitanda chako kiwe karibu na mlango."

Baba alikuwa akitania. Lakini utani wa wazee una mzizi wake, na mzizi huo ndio uliokuwa ukinisumbua moyoni tangu tulipoanza safari.

Tuliondoka Mbeya alfajiri na mapema. Tulipokwisha kupita Uyole na kuteremka Inyala, jua lilichomoza juu ya bonde la Usangu. Huko ndiko kwetu. Ulikuwa mwezi wa Machi, na mpunga wa Igurusi na Chimala ulikuwa wa kijani kibichi mpaka macho yanashindwa kufika mwisho. Mito ya bonde hili huingia katika Ruaha Mkuu, na maji yake huko mbele huendesha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu, kwa hiyo taa tunazosomea usiku zina deni kwetu Wasangu! Nilimwambia mwenzangu hivyo, lakini alikuwa amelala fofofo, kinywa wazi, nami nikamwacha.

Makambako basi lilisimama, tukanunua mahindi ya kuchoma. Hapo ndipo reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu. Kutoka hapo baridi ilituingia, na kuanzia Nyololo hata kupita Mafinga tukaona misitu ya miti ya paina na milingoti, imepandwa kwa mistari kama askari wa gwaride. Huo ndio msitu wa Sao Hill. Mbele kidogo tukapita Ifunda, mahali ambapo wakati wa Vita Kuu ya Pili palikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Poland. Nilitazama sana dirishani nikijiuliza watu wale, waliofukuzwa kwao na kuletwa mbali namna hii, walionaje baridi yetu. Pengine waliicheka.

Mji wa Iringa umekaa juu ya ukingo wa mlima, na mto wa Ruaha Mdogo unapita chini yake. Mtu akiwa Ipogolo huutazama kwa kuinua shingo. Jina lenyewe latokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome, na kwa kweli mji umekaa kingome. Tukapanda mlima kwa daladala, tukafika Kihesa saa za alasiri. Bibi alitupokea uani. "Kamwene!" akasema, nami nikajibu "Kamwene!" kama nilivyofundishwa njiani. Akafurahi sana. Akaniuliza watu wangu ni wa wapi. Nikasema, "Utengule Usangu, Bibi." Akanitazama kwa kitambo, akapiga makofi mara moja, akasema, "Loo! Mtu wa Merere! Basi leo kuku atakufa." Na kweli kuku alikufa, tukamla kwa ugali, huku wazee wa jirani wakinywa ulanzi wao.

Jumamosi asubuhi tulitembea mjini. Sokoni niliona vikapu vya Iringa ambavyo kina mama husuka kwa milulu, vikapu ambavyo vimekwenda mpaka Ulaya. Tulipita makaburi ya askari wa vita kuu zote mbili, yametunzwa vizuri, majani yamekatwa. Tuliingia Boma, nyumba iliyojengwa na Wajerumani, kuta zake nene kama za gereza, ambayo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Halafu tukapanda jiwe la Gangilonga. Maana ya jina hilo ni jiwe linalosema, na husimuliwa kwamba Mkwawa alikuwa akipanda pale kutafakari mambo mazito. Tulitega sikio sana. Hatukusikia ila mbuzi, na redio ya nyumba ya jirani. Lakini mji wote ulionekana chini yetu, na mabati mapya yaling'aa kwa jua hata tukafumba macho.

Mchana tukaenda Kalenga, mwendo wa kilometa kama kumi na tano kutoka mjini. Hapo palikuwa makao ya Mkwawa, yaani Mkwavinyika mwana wa Munyigumba, nayo yalizungukwa kwa ukuta wa mawe. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, watu wake waliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1894, Wajerumani walirudi na mizinga wakaivunja Kalenga. Mkwawa akaingia msituni, akapigana kwa kuvizia miaka minne, na tarehe 19 Julai 1898, alipozungukwa huko Mlambalasi, akajipiga risasi asishikwe. Wajerumani wakamkata kichwa, wakakipeleka kwao.

Fuvu hilo limo ndani ya nyumba ndogo ya makumbusho, katika sanduku la kioo. Wasomaji wenzangu mmesoma habari zake vitabuni, nami pia nilizisoma. Lakini kusoma ni jambo moja, na kusimama mbele yake ni jambo jingine. Ni fuvu dogo kuliko nilivyodhani. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, ulikuwa na kifungu kizima, cha 246, kilichoiamuru Ujerumani ilirudishe katika miezi sita. Hiyo miezi sita ilikuwa miaka thelathini na mitano. Gavana Twining ndiye aliyelileta kutoka Bremen, akalikabidhi mwezi Juni 1954 kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Tulikuwa wengi mle ndani, maana kulikuwa na wanafunzi wa shule nyingine. Mzee aliyekuwa akituelezea aliuliza kila mtu atokako. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Usangu." Papo hapo kijana mmoja wa ile shule nyingine akapaza sauti: "Hao ndio waliowaongoza Wajerumani!" Wenzake wakacheka. Masikio yangu yakapata moto. Nilimtazama mwenzangu, naye alikuwa akitazama chini.

Sasa, jambo lile si uongo. Merere wa Wasangu alikuwa upande wa Wajerumani, na watu wake walikwenda vitani pamoja nao. Hata hivyo sikuweza kunyamaza. Nikamwuliza yule mzee, kwa adabu: "Babu, na kabla ya hapo ilikuwaje?" Kwa maana nyumbani kwetu hadithi haianzii 1891. Inaanzia siku Wahehe walipowatoa Wasangu Utengule yao, wakaenda kukaa ugenini Usafwa, karibu na Mbalizi ya leo, wakajenga ngome wakaiita Utengule vilevile kwa kukumbuka kwao. Watoto walizaliwa huko, wakakua, wakaoa, hawajaiona Usangu. Hawakurudi mpaka 1896, na waliowarudisha ni hao Wajerumani. Babu yangu alinisimulia habari hizo mara nyingi, na kila mara alimaliza kwa kuuliza: aliyefukuzwa nyumbani kwake, akija mtu mwenye bunduki akamwambia twende nikurudishe, atamwuliza huyo mtu nia yake?

Yule mzee hakukasirika. Alisimama kidogo, kisha akawaambia wale wanafunzi wanyamaze. Akasema kwamba zamani zaidi ya hapo Wasangu ndio waliokuwa wakiwateka Wahehe, na ya kuwa Wahehe walijifunza kwao mambo mengi ya vita, namna ya kupanga vikosi, hata na maneno mengine ya vitani. "Tuliwapiga kwa fimbo yao wenyewe," akasema. Kisha akaeleza habari ambayo mimi sikuijua. Wajerumani waliwapata wasaidizi mpaka ndani ya nyumba ya Mkwawa. Mpangile, ndugu yake, alifanywa mtawala wa Uhehe mwishoni mwa 1896, na mwanzoni mwa 1897 hao hao waliomweka wakamwua, kwa kushuku kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri. Yule kijana aliyepaza sauti hakusema neno tena.

Kwa maoni yangu, vitabu vyetu vya shule vinaharakisha sana hapo. Vinatupa shujaa, vinatupa adui, na katikati vinaacha pengo ambamo makabila jirani yameingizwa kwa sentensi moja ya aibu. Sisemi Merere alifanya vyema. Mkwawa alikufa huru, na Merere alirudi kwao akiwa chini ya bendera ya mgeni, na hayo mawili hayalingani. Lakini hata Mkwawa, kwa babu zangu, alikuwa mtu aliyekaa katika mashamba yao.

Tulirudi Kihesa kwa miguu sehemu ya njia, mvua ikitunyeshea, wala hatukuzungumza. Nilidhani mwenzangu ameona haya kwa ajili yangu, au amechukizwa na swali langu. Tulipofika daraja dogo akasema, "Kumbe na ninyi mlikuwa wakimbizi." Nikasema, "Ndiyo." Akasema, "Mimi sikuwahi kuambiwa." Hayo tu.

Usiku Bibi alisikia habari yote akicheka mpaka akafuta machozi. Alisema kwamba mama wa mama yake alikuwa Msangu, mwanamke aliyetekwa akiwa msichana, akaolewa, akazikwa Uhehe. Mjukuu wake akaruka juu ya kigoda. "Bibi! Mbona hukutuambia?" Bibi akajibu, "Mliuliza?" Akachochea moto, akaenda kulala, akatuacha tukitazamana.

Jumapili tulipanda basi Ipogolo. Tulipopita kibao cha Isimila, penye zana za mawe za watu wa kale sana, mwenzangu alisikitika kwamba hatukupata nafasi ya kuingia. Safari hii hakulala. Tulipofika Igawa na bonde likafunguka mbele yetu, aliniomba nibadilishane naye nafasi ili akae dirishani, akaniuliza Utengule iko upande gani. Nikamwonyesha kwa kidole, kule mbali kaskazini, ng'ambo ya mashamba.

Bibi alikuwa amenipa kikapu cha milulu nimpelekee mama. Mama alikipokea, akakigeuzageuza, akauliza nani amekisuka, nami nikamweleza yote. Amekitundika ukutani mpaka mavuno. Asema mpunga ukikobolewa atakijaza mchele, na mwenzangu ndiye atakayekibeba kurudi nacho Kihesa.