Joto la ghorofani si kudeka

Nyumba ya ghorofa moja ni ndoto ya familia nyingi za Dar es Salaam. Kiwanja ni kidogo, watoto wamekua, wageni hawaishi, basi mwenye nyumba anaamua kupandisha juu. Chini anabaki mzazi, maana ngazi na magoti havipatani. Juu wanapelekwa vijana. Mpango huu hauna tatizo mpaka joto la mwanzo wa mwaka linapoingia, ndipo watu wa nyumba moja wanapoanza kuishi katika hali ya hewa mbili tofauti bila kujua.

Ndivyo ilivyokuwa kwa familia moja ya Tegeta. Mama mwenye nyumba ni mjane, mwalimu mstaafu. Mwanawe na mkewe wanaishi juu, na mwezi Januari mkamwana huyo alijifungua mtoto wao wa kwanza. Chumba chao kilikuwa na kiyoyozi cha ukutani, na luku ya nyumba nzima alikuwa akinunua mama kwa pensheni yake.

Wiki za mwanzo zilikuwa za furaha. Februari ilipofika mtoto akaanza kutoka vipele shingoni na kwenye mikunjo ya mikono. Kliniki muuguzi alimtazama akasema ni vipele vya joto, mtoto avalishwe nguo nyepesi, asirundikiwe blanketi, alale mahali penye hewa. Alimwonyesha mama mtu namna ya kumpima kwa kumgusa kifuani au nyuma ya shingo, kwa sababu mikono na miguu ya kichanga huweza kuwa baridi wakati mwili wenyewe una joto.

Mkamwana alirudi na maelezo hayo, lakini hayakupokelewa vizuri. Mama mkwe aliwalea wanawe wanne bila hata feni. Kila mkamwana aliposema juu hakulaliki, yeye alijibu kwa upole ule unaouma: "Mwanangu, AC inawaka usiku kucha, uniti zinakwisha, sasa joto linatoka wapi?" Na kweli pale sebuleni alipokuwa akikaa jioni kulikuwa na kaubaridi kazuri. Kwa hesabu yake, kama chini kulikuwa hivyo bila kiyoyozi, juu penye kiyoyozi pangekuwa pa kujifunika.

Mkamwana hakubishana. Alianza kushuka na godoro dogo saa sita usiku na kulala sebuleni na mtoto wake. Mama mkwe aliona hilo ni shauri la kumwonyesha. Baada ya siku nne mkamwana akamwomba mumewe ampeleke kwao Lushoto mpaka masika yaanze. Ombi halikuwa na ubaya wowote, lakini kwa jinsi lilivyosemwa, na kwa jinsi lilivyosikiwa kule chini, kila mtu alijua halihusu Lushoto tena.

Mume alifanya kile ambacho wanaume wengi hufanya wakibanwa kati ya mama na mke: alitafuta kitu cha kununua. Kiyoyozi cha juu kilikuwa cha nguvu farasi moja, akaamua kukopa kazini anunue cha moja na nusu, zaidi ya shilingi milioni moja. Fundi mmoja alikuwa ameshakuja mara mbili "kuongeza gesi", na mara zote mbili nafuu haikuzidi siku tatu. Kijana akaona dawa ni mashine kubwa zaidi.

Alipomweleza mama yake habari za mkopo, mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kabla hujakopa, ngoja nikalione hilo joto mwenyewe."

Hakuwa amepanda ngazi zile tangu mwaka uliopita. Alipanda saa nne usiku, akishika ukuta, akipumzika katikati. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, kama ulivyokuwa siku zote. Tangu mtoto azaliwe wazazi wale waliona si adabu kuufunga, ili bibi asikie mjukuu akilia na asione wamejitenga. Mama aliketi ukingoni mwa kitanda. Aliinua mkono hadi usawa wa kiyoyozi na kukuta kipepeo kidogo, kama pumzi ya mtu aliyelala. Rimoti ilikuwa imewekwa 16. Aligusa ukuta wa upande wa magharibi ukawa bado una moto wa jua la jioni. Baada ya robo saa kanga yake ilikuwa imelowa mgongoni.

Aliposhuka, katika ngazi za mwisho, alihisi baridi kwenye vifundo vya miguu. Akasimama pale kwa muda. Huyu mama alifundisha sayansi shule ya msingi miaka mingi. Hewa ya moto hupanda na hewa ya baridi hushuka; aliandika hivyo ubaoni mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Ile baridi aliyokuwa akiifaidi sebuleni jioni zote ilikuwa ya mjukuu wake. Ilitoka chumbani kupitia mlango ulioachwa wazi kwa heshima yake, ikateremka ngazi kama maji.

Asubuhi aliagiza fundi mwingine, kijana aliyesifiwa na jirani. Huyu hakuja na mtungi wa gesi. Alikuja na ngazi, tochi, pampu ndogo ya maji na mfuko mkubwa wa plastiki. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Shikamoo mama. Hii AC inavuta hewa wapi?" Hakuna aliyejua. Akawaonyesha kuwa kiyoyozi cha ukutani huvuta hewa ya chumba kwa juu, huipitisha kwenye mabomba ya baridi, kisha feni ndefu ya ndani huitoa kwa chini. Chao kilifungwa kikabanwa na dari, vidole viwili tu vikabaki. Mashine yenyewe huhitaji nafasi ya kama sentimita 15 hapo juu, nayo ilikuwa ikipumulia kwenye tundu la sindano.

Akafungua kifuniko na kutoa chujio. Vumbi lilikuwa limeshikamana juu yake kama blanketi la kijivu. Chujio hilo lilipaswa kuoshwa kwa maji kila wiki mbili hadi nne, hasa kwa nyumba iliyo karibu na barabara ya vumbi. Hapo halikuguswa kwa zaidi ya mwaka. Nyuma yake, mabomba ya baridi yalikuwa yameziba, na feni ya ndani ilikuwa imejaa uchafu katikati ya mapezi yake. Feni ya namna hiyo huzunguka na kelele inasikika, lakini upepo hautoki.

Kuhusu gesi alisema kwa ufupi. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Ikipungua kuna mahali inavuja, na kuongeza bila kuziba ni kumwaga fedha. Akapima akakuta ipo ya kutosha. Kuhusu ile namba 16 alicheka: namba hiyo haiongezi kasi ya upepo wala baridi ya mashine, inaiambia tu isimame lini. Hewa ikiwa haipiti vizuri, mashine inayolazimishwa usiku kucha huweza kugandisha barafu kwenye mabomba yake, na barafu ikiziba, hata kile kipepeo kidogo kinakata. Hapo ndipo watu huona maji yanadondoka ukutani alfajiri.

Kazi ilichukua nusu siku. Alizima umeme kwenye swichi kuu, akaning'iniza mfuko chini ya kiyoyozi, akaosha mabomba na feni mpaka maji meusi yakawa meupe. Kisha akakishusha kiyoyozi kipate nafasi ya kuvuta hewa. Kabati refu lililokuwa limesimama mbele ya upepo likahamishiwa ukuta mwingine. Rimoti ikawekwa 25, feni kwenye kasi ya juu, mabawa yakielekezwa mbele na si chini, ili baridi ienee kwanza ndipo ishuke, na isimpige mtoto moja kwa moja. Malipo yote hayakufika hata sehemu ya kumi ya ule mkopo.

Akabaki na jambo moja ambalo pampu haikuweza kulitatua. Chumba cha juu kiko chini ya mabati. Mwanzoni mwa Machi, kama ilivyo pia katika Oktoba, jua la mchana la Dar es Salaam hupita karibu utosini kabisa. Mabati huchemka, hewa iliyofungiwa kati yake na dari huchemka pamoja nayo, na dari hushusha moto huo chumbani mpaka usiku. Kiyoyozi kikubwa kingepigana na moto huo kila siku kwa gharama ya luku. Fundi akashauri watoboe matundu ya hewa kwenye kuta mbili za paa zinazotazamana, na baadaye watandaze juu ya dari tabaka la kuzuia joto lenye karatasi ya fedha. Matundu yalitobolewa wiki hiyo. Tabaka walilinunua kidogo kidogo, likakamilika masika yakiwa yameshika.

Ulibaki mlango. Mama alipanda tena ngazi siku ya pili, safari hii mchana, akasimama mbele ya mkamwana wake. "Fungeni mlango mlale," alisema. "Mjukuu wangu akilia nikisikia sawa, nisiposikia sawa, mama yake yupo." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Ulisema, sikukusikia." Mkamwana alimshika mikono, na hakuna aliyeongeza neno.

Chumba hakikuwa Lushoto. Saa tisa alasiri bado kilikuwa na joto kuliko sebule, na pazia zito la upande wa magharibi lilibidi lishushwe kabla ya saa nane. Lakini usiku mtoto alilala, na vipele vilikauka. Sebuleni ile baridi ya jioni ilikatika, mama akanunua feni ya kusimama na hakulalamika. Wakati wa Pasaka mkamwana alikwenda kwao kwa wiki mbili, akiwa amefungiwa na mama mkwe mchele na kanga mpya ya kumpelekea mama yake, akarudi.

Sasa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi baba mtoto huosha chujio uani kwa maji ya bomba na kulianika kivulini. Ni kazi ya dakika kumi isiyohitaji fundi. Nyumba nyingi zingeanzia hapo kabla ya kukopa. Na hata kabla ya chujio, anayelala chini angepanda ngazi usiku mmoja, akaketi robo saa katika chumba cha yule anayelalamika.