Vinu vya Miwa vya Mto Pangani

Marehemu babu yangu, aliyekuwa na shamba la minazi ukingoni mwa mto Pangani, alikuwa akivitaja vinu vya miwa vya zamani kama mtu atajavyo jamaa zake waliotangulia mbele ya haki. Nami nilipopata wasaa naliazimia kuvitafuta, kwanza kwa mtumbwi na kwa miguu, kisha katika nyaraka za zama za Wadachi na Waingereza.

Kinu cha kwanza nilikikuta kimemezwa na kichaka: magurudumu ya chuma yamesimama wima, mzizi wa mkuyu umepenya kati yake, na pembeni imelala sufuria ya kuchemshia, pana mno, imetoboka kwa kutu. Hapo maji ya miwa yalikamuliwa na kupikwa, yakapakiwa majahazini kwenda Unguja na Arabuni, na yote kwa jasho la watumwa, jambo ambalo babu hakulificha, wala mimi si halali yangu kulificha. Bushiri bin Salim, aliyewapiga vita Wadachi mwaka 1888 na kunyongwa papa hapa Pangani Desemba 1889, naye alikuwa na shamba la miwa.

Kisha ukaja mkonge. Dakta Hindorf, Mdachi mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikasalimika 62 tu, ikapandwa Kikogwe, jirani na Pangani. Na uzao wa hiyo michache ukaigeuza nchi yote ya Tanga. Korona, yaani mashine ya kuparua majani ya mkonge, yataka maji mengi, tena yataka nguvu. Basi katika miaka ya 1930 mto ukafungwa kwenye maporomoko ili kupata umeme. Baada ya uhuru likafuata bwawa la Hale, 1964, na bwawa kubwa la Nyumba ya Mungu huko bara, na mwaka 1995 mtambo mpya wa megawati 68.

Vinu vya kale vilikula watu, lakini mto viliuacha upite. Mabwawa, pamoja na mifereji ya mashamba ya juu, yameupunguza, na mto uliopungua hauwezi kuizuia bahari: wakati wa bamvua chumvi hupanda mbali, na minazi hukauka. Nilimkuta bibi mmoja akichovya kidole mtoni na kuonja kabla ya kuteka maji ya kumwagilia.

“Mwanangu,” akanambia, “chumvi imeshapita kwa babu yako.”

Nyaraka nilizozisoma zanena kwa urefu juu ya umeme, na juu ya watu wa mlangoni mwa mto ni mistari michache. Kwa hiyo nimeanza kuwaandikia wazee majina ya mashamba yao, na mahali chumvi ilipofika kila mwaka wanaoukumbuka.