KWA MTUMBWI KATIKA MTO KILOMBERO

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kuwafuata wakulima mahali walipo. Wakati wa masika mashamba mengi ya bonde la Kilombero hayafikiki kwa gari wala kwa baiskeli. Njia iliyobaki ni mto, na chombo ni mtumbwi. Leo twende pamoja. Tutauona mto, na tutajifunza namna ya kusafiri humo salama.

Mto wenyewe

Bonde la Kilombero liko katika Mkoa wa Morogoro. Upande mmoja kuna milima ya Udzungwa. Upande wa pili kuna milima ya Mahenge. Mito mingi hushuka kutoka milimani na kuingia katika Mto Kilombero. Huko mbele Kilombero unakutana na Mto Luwegu. Kuanzia hapo mto unaitwa Rufiji, nao unakwenda mpaka Bahari ya Hindi.

Zamani watu wa Ifakara na Mahenge walivuka kwa pantoni. Mwaka 2018 lilifunguliwa daraja lenye urefu wa meta 384. Sasa magari yanapita juu. Lakini chini yake mitumbwi bado inapita. Inabeba wavuvi, mpunga, kuku, na mama anayempeleka mtoto kliniki.

Chombo na fundi wake

Mtumbwi huchongwa kwa mti mmoja mzima. Fundi hutumia shoka na tezo. Wandamba ni mabingwa wa kazi hii. Tangu utotoni wanajua kuvua na kuendesha mtumbwi.

Penye maji machache, mwendeshaji husimama na kusukuma kwa upondo. Penye kina, hutumia kafi. Akipanda mto, hupita karibu na ukingo, kwa sababu hapo maji hayana nguvu sana. Akishuka, huyaachia maji yamsaidie.

Yanayoonekana njiani

Asubuhi ukungu unatanda juu ya maji. Matete yamesimama pande zote mbili. Furukombe analia juu ya mti, kisha anashuka na kunyakua samaki. Pengine utamwona sheshe, mnyama anayefanana na swala, akila majani mabichi. Katika matete yuko kwera wa Kilombero. Ndege huyu mdogo hapatikani mahali pengine popote duniani ila katika bonde hili.

Wakati wa kiangazi maji hupungua na mafungu ya mchanga hutokea. Wavuvi hujenga vibanda vyao na kukausha samaki. Kambale na perege wa hapa huliwa mpaka miji ya mbali.

Mto unataka adabu

Mto huu ni mzuri, lakini hauna mzaha. Mwezi wa Januari 2016 dhoruba ilipindua pantoni hapo kivukoni. Ikiwa pantoni ya chuma ilipinduka, mtumbwi je? Basi tushike mambo haya:

1. Usijaze mtumbwi. Ukingo wake ubaki juu ya maji kwa shubiri moja au zaidi. Mzigo ukizidi, rudini mara mbili.

2. Kaa chini, katikati. Usisimame wala usibadilishane nafasi na mwenzako. Anayesimama ni mwendeshaji peke yake.

3. Usiingize mkono majini. Mamba hapigi hodi.

4. Ukiona viboko, pita mbali nao. Usipite kati ya kiboko na maji yenye kina, kwa maana huko ndiko anakokimbilia. Usisafiri usiku.

5. Mawingu meusi yakikusanyika, egesha mtumbwi na kungoja. Kuchelewa si kufa.

6. Chukua kopo la kutolea maji. Chukua pia madumu matupu yaliyofungwa vizuri. Dumu tupu huelea, na mtu anaweza kulishika.

7. Mtumbwi ukipinduka, usiuache. Mti huelea. Ushikilie mpaka upate msaada.

Tulinde ukingo

Kuna jambo lingine ambalo bwana shamba huliona haraka akiwa ndani ya mtumbwi. Mahali penye matete na miti, ukingo umesimama imara. Mahali palipolimwa mpaka majini, udongo umemeguka na kuangukia mtoni. Udongo huo huujaza mto. Kina kinapungua, mtumbwi unakwama, na samaki wanakosa mahali pa kuzalia. Mwenye shamba naye hupoteza ardhi yake kidogo kidogo kila masika.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Wengine husema meta 60 ni nyingi, kwa kuwa hapo ndipo penye rutuba. Ni kweli pana rutuba. Lakini rutuba ikichukuliwa na maji, si yako tena.

Ndugu wasomaji, mto ni barabara ambayo hakuna aliyeichimba. Haudai nauli. Unadai mambo mawili tu: anayepita awe mwangalifu, na anayelima aache ukingo wake. Msomee jirani ambaye bado hajui kusoma, hasa kama kesho anavuka.