Mzee Mack na Mtupaji Wake

Katika mchezo wa Marekani uitwao besiboli, mmoja hutupa mpira kwa nguvu, na mwingine hujaribu kuupiga kwa gongo. Akiukosa mara tatu, hutoka. Connie Mack alisimamia timu ya Philadelphia tangu 1901 hata 1950, naye hakuvaa mavazi ya wachezaji. Aliketi na suti na tai, akiwaelekeza watu wake kwa kupunga karatasi ya hesabu. (Timu ilikuwa mali yake kwa sehemu, nani angemfukuza?)

Mwaka 1929 walikwenda Chicago kushindania ubingwa. Watu wote walimtazamia Lefty Grove au George Earnshaw, watupaji hodari. Mzee akamsimamisha Howard Ehmke, mwenye miaka 35, aliyekuwa amecheza mara chache tu mwaka ule. Watu wakastaajabu. Kumbe Mack alikuwa amempeleka mbele akawatazame wapigaji wa Chicago, ajue udhaifu wa kila mmoja. Siku ile Ehmke aliwatoa 13 kwa kuukosa mpira, jambo lisilopata kuonekana katika mashindano hayo; Philadelphia ikashinda 3 kwa 1.

Sisi walimu twapenda kumtanguliza yule aliyefaulu jana. Mack aliitazama kazi yenyewe, akauliza ni nani aliyejitayarisha kwayo. Wala hakufaulu sikuzote: michezo aliyoshindwa, 3,948, yapita ile aliyoshinda, 3,731. Naye Ehmke hakushinda tena mchezo wowote katika ligi kuu.